Viti Viwili hadi Kishanda

Tangu nirudi Arusha, kila anayenipigia simu anaanza na maneno yaleyale: "Koku, hebu tuambie ya ile ndege." Nimesimulia mara nyingi mpaka hadithi imeota mabawa yake yenyewe, juzi nimesikia kwa mtu baki kwamba tulianguka ziwani tukaokolewa na mtumbwi wa dagaa. Hatukuanguka popote. Naandika yaliyotokea, moja baada ya jingine, na anayetaka kuongeza chumvi aongeze kwenye sahani yake. Mambo ya vibali, bima na mihuri nayaruka. Yalinikera mara moja, yanatosha.

Arusha: kuku, ndege na kaka yangu

Kwanza ndege yenyewe. Kampuni iliyoiunda siitaji, isije ikanitumia mwanasheria. Ina viti viwili, ubavu kwa ubavu, bawa limekaa juu ya paa, panga boi moja puani na magurudumu matatu. Wamarekani waliziunda kwa maelfu, zamani, kwa kazi moja kubwa: kumfundishia mtu ambaye hajawahi kushika usukani wa ndege. Iliundwa kwa wanafunzi, yaani watu watakaoipigiza chini kutwa nzima, kwa hiyo ni ngumu, ina huruma, haina haraka na haina makuu. Marubani wengi wanaowavusha bahari leo kwenye mandege yenye vyoo na sinema walianzia humo, magoti yamebanana na ya mwalimu, jasho linawatoka.

Hii yetu ilianzia kwenye shule ya urubani Nairobi. Ilipochoka wanafunzi ikauzwa kwa padri mmoja aliyekuwa pia daktari, akawa anapelekea chanjo na chupa za damu sehemu ambazo barabara zilikuwa kwenye ramani tu. Wanasema aliungama kabla ya kila safari. Baada ya padri ikahesabu tembo. Baada ya tembo ikawa inafukuza ndege waharibifu kwenye shamba la ngano, kazi ambayo ndege wenyewe hawakuichukulia kwa uzito. Mwisho ikaegeshwa kwenye banda la shamba la kahawa, kuku wakataga humo. Hapo ndipo kaka yangu Deo alipoiona na kuipenda.

Deo ni mkubwa wangu, anauza vifaa vya ujenzi, na ni mtu mwenye mkono wazi. Hilo nalisema mapema kwa sababu baadaye sitapata nafasi. Lakini ni Mhaya aliyekamilika. Wenzetu wa makabila mengine wanajua ninachosema. Sisi ndio akina nshomile, wasomi kwa kuzaliwa. Ukimuuliza mmoja wetu saa, anakutajia na nchi alikonunua saa. Deo alinunua ndege kabla ya kujua kuirusha. Nilianza kumfundisha mimi mwenyewe, maana mimi ni mwalimu wa urubani, ndiyo kazi inayonilisha. Somo la kwanza alitapika. Baada ya somo la pili akapiga simu nyumbani kusema anakaribia kuhitimu. La tatu hakuja.

Haya yote yangekuwa mchezo kama si macho ya Mama. Mama anaishi Kishanda, wilaya ya Muleba, kwenye kibanja cha migomba cha marehemu Baba, na macho yake yote mawili yana mtoto wa jicho. Madaktari wa macho huja Mwanza kwa zamu, wanapasua watu kwa wiki moja, wanaondoka. Mara mbili walikuja, na mara mbili Mama alikataa kupanda basi, kwa sababu Deo alikuwa amemwahidi kwenye simu: "Mama, basi ni la nini? Nitakuja kukuchukua mwenyewe kwa ndege yangu." Mama akaitangazia jumuiya nzima. Ukishatangaza ndege, huwezi tena kuonekana kituoni na kikapu. Mabasi ya Mwanza yakaendelea kupita Muleba kila siku, na Mama akaendelea kungoja, mpaka akawa anatofautisha mchana na usiku na si mengi zaidi. Daktari aliyemwona akasema presha ya jicho imeanza kupanda. Akikosa na zamu hii, hata kisu hakitasaidia.

Ndiyo maana nilikubali. Mimi ningerusha, Deo angekaa pembeni, na tukifika Kishanda Mama angechukua nafasi yake, Deo atufuate Mwanza kwa basi. Deo alikubali kila neno. Nilidhani na nyumbani ameyasema hayohayo.

Arusha hadi Mwanza: tunapitwa na vitunguu

Asubuhi ya kuondoka Deo alikuja amevaa shati jeupe lenye mistari minne ya dhahabu mabegani, miwani myeusi, na kalamu tatu mfukoni. Mimi nilivaa sweta.

Sasa, kuna jambo moja ambalo lazima mlielewe. Katika ndege za mafunzo, rubani hukaa kushoto, na mwalimu hukaa kulia. Nimekaa kulia miaka mingi mpaka mkono wangu wa kushoto haujui tena kazi nyingine. Kwa hiyo Deo alikaa kushoto, kiti cha bwana mkubwa, na mimi nikarusha kutoka kulia. Mtu aliyesimama nje angeapa kwamba yule mwenye mistari ndiye anayerusha, na yule mwenye sweta amepewa lifti.

Upepo ulitupiga usoni tangu tulipoinuka. Juu ya barabara ya Singida tulikuwa sambamba na lori la vitunguu. Lori lilituacha. Deo alisema tumepunguza mwendo ili kuokoa mafuta, na aliyasema kwa sauti ya mtu aliyepunguza mwenyewe.

Shinyanga tulishuka kujaza mafuta kutoka kwenye madumu tuliyobeba. Mlinzi wa uwanja alimpigia Deo saluti, akamletea kiti, akamuuliza habari za angani. Mimi aliniuliza, kwa adabu kabisa, kama kuna soda baridi iliyobaki humo ndani. Nikamwambia huduma imefungwa. Mama mmoja alikuwa anauza michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, na karanga za kuchemsha. Tulikula tumeegemea gurudumu, na hiyo ndiyo sehemu ya siku hiyo ninayoikumbuka kwa furaha. Mwanza tulifika jua likiwa linazama, matako yakiwa yamekufa ganzi.

Mwanza hadi Bukoba: safari isiyokuwa na sababu

Fungueni ramani. Ukiwa na injini moja huvuki Ziwa Viktoria katikati. Unazunguka na ufuko, Geita, Chato, halafu unapanda kaskazini. Ukifanya hivyo, unafika Muleba kabla ya Bukoba. Yaani nyumbani kwa Mama tungefika kwanza. Mafuta yalitosha kwenda na kurudi, na madaktari walikuwa wameshaanza kazi.

"Tutatua Bukoba," Deo alisema.

"Kufanya nini?"

"Koku, mtu hawezi kununua ndege asitue Bukoba."

Nilibisha mpaka Chato. Kisha nikachoka, na huo ndio ukweli. Ndege ni yake, na nilijidanganya kwamba ni nusu siku tu. Tulipopita juu ya Kishanda akataka tuzunguke. Tulizunguka. Niliona paa la bati la nyumba yetu katikati ya migomba, na watoto wa shule wakimiminika nje kama siafu waliomwagiwa maji. Deo alipunga mkono dirishani mpaka miwani ikataka kumtoka. Mama alikuwa uani. Niliona kitenge chake. Alikuwa ameinua uso, lakini upande ambao hatukuwepo.

Bukoba, uwanja umelala pembeni ya ziwa, na watu wa pale, tangu ile ndege ya abiria ianguke ziwani, wana sababu zao za kuitazama ndege inayoshuka wakiwa na roho mkononi. Hilo silifanyii mzaha. Nilitua taratibu, kwa heshima. Deo alishuka taratibu pia, ili apigwe picha.

Bukoba: mafuta ya ndege ambayo si mafuta ya ndege

Ule mzunguko na upepo vilikuwa vimekula mafuta kuliko nilivyopanga. Tukahitaji kuongeza.

"Mafuta ya ndege mnayo?" Deo akamuuliza kijana wa mafuta.

"Yapo tele, Kapteni."

"Jaza!"

Nililazimika kupanda ngazi na kufunika mdomo wa tenki kwa kiganja. Mafuta ya ndege kubwa ni jamaa wa mafuta ya taa. Injini yetu inakunywa petroli. Ukiyamimina humo, unaweza kuinuka, na utashuka mapema kuliko ulivyokusudia. Yule kijana alinielewa mara moja akarudisha mpira wake. Deo alisema alikuwa ananijaribu.

Petroli inayofaa haikuwepo Bukoba nzima. Ilibidi pipa lije kwa meli kutoka Mwanza, tulikotoka, na meli ilikuwa na ratiba yake. Tukaenda kungoja Bakoba, mtaa wa humohumo mjini, kwa Shangazi Paskazia, dada wa Baba, mwanamke ambaye akikupenda anakulisha na akikuchukia anakulisha zaidi.

Siwezi kulalamikia chakula. Ndizi zilizoiva mpaka zikaungana na maharage, samaki wa asubuhi, na baada ya kula kile kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ambacho kwetu mgeni asipokipata hajakaribishwa. Lakini kila mlo ulikuja na wageni, na kila mgeni alikuja kumwona Kapteni. Deo alikaa kwenye kochi kubwa akiwaelezea radi za Singida. Alisema tulipita katikati ya wingu jeusi, akashika usukani kwa mikono miwili, akasali Salamu Maria tatu. Kulikuwa na wingu moja tu siku hiyo, nalo lilikuwa Rwanda.

"Na huyu je, hakuogopa?" mgeni mmoja akauliza, akinionyesha kwa kidevu.

"Koku amezoea," Shangazi alijibu kabla yangu. "Si ndiyo kazi yake? Anagawa chakula kwenye ndege. Koku, hebu mpakulie mzee mchuzi."

Nikageuka kumtazama Deo. Alikuwa anatafuta kitu kwenye simu yake. Hapo ndipo nilipojua nyumbani wameambiwa nini miaka yote hii, na nani amewaambia. Mimi nilikuwa nikisema tu kwamba nafanya kazi kwenye ndege, nikadhani nimeeleweka. Debe tupu haliachi kuvuma, sawa, lakini hili lilikuwa linavumia juu ya kichwa changu. Nilipakua mchuzi. Nilimpakulia mzee wa watu vizuri, maana yeye hana kosa.

Jioni Mama akapiga simu. "Deo, nimeshafunga nguo zangu. Nimekaa hapa mlangoni. Mnafika leo?" Deo akamwambia ni taratibu za usalama. Mama akasema asante, na kwamba atakaa hapohapo mlangoni ili tusichelewe kumtafuta. Nilitoka nje nikakaa karibu na kisima cha Shangazi. Nilikuwa na hasira ambayo sikuwahi kuwa nayo kwa ndugu yangu. Pipa lilifika madaktari wakiwa wamebakiza siku moja tu.

Bukoba hadi Kishanda: uwanja wa shule

Hii ni safari fupi kuliko foleni ya benki. Unaacha ziwa kushoto, unafuata ukingo wa mawe, migomba inaanza na haiishi. Mwalimu mkuu alikuwa ametupa ruhusa ya uwanja wa mpira, ambao una mteremko kutoka goli moja hadi lingine, jambo ambalo timu ya shule hulitumia vizuri kipindi cha pili. Nilipita mara moja chini kufukuza mbuzi, nikatua nikipanda mlima, ndege ikasimama katikati ya duara.

Kijiji kizima kilikuwepo. Kwaya ya Wakatoliki ilisimama upande huu, kwaya ya Walutheri upande ule, na zote zikaanza kuimba kwa pamoja nyimbo mbili tofauti, hakuna iliyokubali kuanza kunyamaza. Mbele alisimama Ta Byabato (Ta kwa Kihaya ni mzee wa heshima), jirani yetu na mkubwa wa ukoo, amevaa koti la sherehe.

"Kasinge, Kapteni!" akampongeza Deo kwa Kihaya, akamkumbatia. Mimi akanishika mkono kwa huruma. "Na huyu Koku, waitu! Umekonda. Hizo soda unazogawa huko juu, mwenyewe hunywi?"

Mama aliletwa ameshikwa mkono na jirani. Alikuwa amevaa gauni lake la Pasaka. Aligusa uso wangu, akagusa uso wa Deo, akagusa ubavu wa ndege kwa kiganja chote kama mtu anayesalimia ng'ombe. Kisha akaniambia nimpandishe, na nikampandisha kiti cha kulia, maana safari hii mimi ningekaa kushoto, nikamfunga mkanda. Alifanya ishara ya msalaba akatulia.

Niliona moyo wangu ukitulia pia. Nusu saa tu, nilifikiri, tutakuwa tunaelekea Mwanza. Nilikuwa nimesahau ninatoka kabila gani.

Kishanda: mizani ya kahawa

Kwetu mgonjwa haendi kwa daktari mikono mitupu. Ni kama kwenda kuiba uponyaji. Na jirani naye haachi mgonjwa aondoke bila mkono wake. Zikaja: mikungu mitatu ya ndizi, dumu la pombe ya lubisi, kahawa, panzi wa senene waliokaangwa kwenye ndoo yenye mfuniko, maharage, na jogoo aliyefungwa miguu ambaye alionekana kuwa mtu pekee aliyeelewa hatari ya safari. Kila kilichokuja kiliwekwa na mwenyewe, nyuma ya viti, huku akitaja jina lake ili Mama asikie.

Nikasema hapana. Nilieleza: uwanja ni mfupi, tuko mlimani, hewa ya mchana ni nyepesi, na kindege hiki kina nguvu za pikipiki mbili tatu. Mama na rubani, basi. Labda na kahawa.

Kwetu zawadi ikishatolewa haimrudii aliyeitoa. Kuirudisha ni kumwambia mwenyewe kwamba mkono wake una mkosi, na wenye mikono walikuwa wamesimama pale pale wananitazama.

"Tupime," alisema Ta Byabato.

Ikaletwa mizani ya kuning'iniza, ile wanayopimia kahawa, ikafungwa kwenye mwamba wa goli. Hapo sasa kikazuka kisa cha pili, maana hakuna mkulima wa Muleba anayeamini mizani ya kahawa. Mwenye mkungu alisema inazidisha. Mwenye maharage alisema ni mara ya kwanza kuiona inazidisha, kwake siku zote hupunguza. Wakabishana kama mizani inayomwibia mtu kahawa inaweza kusema kweli kuhusu jogoo. Deo naye akaning'inia kwa mzaha, na sindano iliposhuka watu walishangilia, kwa sababu kwetu unene ni cheti. Nilijumlisha. Kwa vyovyote mizani ilivyodanganya, na kwa upande wowote, ndege isingevuka migomba ya mwalimu mkuu.

Ta Byabato alisikiliza akiwa amefumba macho. Kisha akafumbua, uso umejaa nuru.

"Lakini hili ni jambo dogo, waitu! Viti ni viwili. Mama amekaa. Kapteni anakaa pale. Koku anapanda basi pamoja na zawadi. Hakuna kinachorudishwa, kinasindikizwa tu. Basi la mchana halijapita. Koku, mwanangu, toa vitu vyako humo, usichelewe."

Walipiga makofi. Na mimi ningepiga, kama ningekuwa wao. Kwa yale waliyoambiwa, lilikuwa shauri zuri kuliko yote yaliyotolewa katika safari hii.

Kila mtu akamgeukia Deo. Jasho lilikuwa limeshaloanisha mistari ya dhahabu. Alinitazama, na nilijua anachoomba: nitunge kitu, niseme kuna sheria fulani, nimfunike. Nimemfunika Deo tangu tukiwa watoto. Safari hii sikumfunika.

Ndipo akafanya jambo ambalo bado linanitetemesha nikilikumbuka. Alinyoosha mkono akasema, kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Nipe ufunguo."

Niliogopa. Sikuogopa upepo wala ziwa safari nzima, lakini pale kwenye nyasi niliogopa. Alikuwa na masomo mawili. Alikuwa ametapika mara moja. Na nilimwona usoni kwamba kwa dakika hiyo, mbele ya watu wale, angependelea kuruka na kufa kuliko kusema kweli.

"Kaka," nilimwambia kwa sauti ndogo, "aliyekaa humo ni Mama."

Hakushusha mkono. Watu walikuwa wanangoja. Sauti ikatoka ndani ya ndege, tulivu, yenye kucheka kidogo:

"Deo, mbona kimya? Washa twende, baba. Mimi siogopi. Nikiwa na wewe siogopi kitu."

Mkono ukashuka. Aliutazama kana kwamba ni wa mtu mwingine. Akavua miwani, akaenda mpaka mlangoni kwa Mama, akashika ukingo wa kiti.

"Mama, mimi sijui kuirusha. Sijawahi. Anayerusha ni Koku. Ni yeye aliyetuleta. Ni mwalimu wa marubani."

Hata zile kwaya mbili zilielewana kwa mara ya kwanza, zikanyamaza pamoja.

"Huyu wa soda?" aliuliza Ta Byabato.

"Sijawahi kugawa soda, Ta," nikasema. Sauti ilinitoka kali kuliko nilivyotaka.

Mama aligeuza uso upande wa sauti yangu. Mikono yake ilikuwa imekunjwa juu ya mkanda.

"Koku," aliita. "Wewe umesomea kabisa?"

"Nimesomea, Mama. Nafundisha."

"Na mimi nilikuwa nakuombea upandishwe cheo huko kwenye chai." Akavuta pumzi. "Deo, shusha hizo ndizi. Basi litakuacha."

Kishanda hadi Mwanza

Tuliondoka kwa mteremko, Mama, mimi, na pakiti ya kahawa ya daktari mapajani mwake, ambayo alikataa katakata kuiacha. Migomba ya mwalimu mkuu ilipita chini yetu, majani yakalala. Nyuma, kandokando ya barabara, niliona shati jeupe limesimama katikati ya mikungu mitatu. Mwenye ndege alikuwa anangoja basi na jogoo.

Mama aliniuliza tuko wapi kila baada ya muda mfupi. Nikimwambia "Buganguzi iko upande ule," alinitajia nani ameolewa huko. Nikimwambia ziwa limeanza, aliuliza lina rangi gani leo. Nilimwambia kijivu. "Basi kesho mvua," akasema. Tulipokuwa karibu na Geita aliweka mkono wake juu ya wangu, ule wa kwenye usukani, akauacha hapo. Ni kinyume cha kila ninachofundisha. Sikuutoa.

Mwanza: macho

Tulimkuta daktari akiwa anamalizia. Alilalamika, akapokea kahawa, akanawa mikono. Jicho moja alisema lilikuwa limebakiza uhai kidogo sana. Kidogo kile tungekimalizia Bakoba, kwenye kochi la Shangazi, kama meli ingechelewa tena, na sitaki mtu anicheke ninaposema nililia chooni.

Bandeji ilipotolewa, Deo na mimi tulisimama mbele yake kama watoto wa komunyo. Mama alipepesa, akapepesa tena, akanikazia macho.

"Koku," akasema, "umezeeka."

Deo yeye aliambiwa amenenepa, na kwamba lile shati limepauka. Kuhusu ule uongo Mama hakusema zaidi, na mpaka leo hajasema. Deo ameanza masomo upya, kimyakimya, kiti cha kushoto, bila mistari. Somo la kwanza ametapika.

Kabla ya kurudi nyumbani Mama alitaka aonyeshwe ndege. Tukampeleka. Aliizunguka polepole. Aliona rangi iliyobanduka, mlango uliofungwa kwa waya, na unyoya mmoja wa kuku ambao mpaka leo sijui unatokea wapi. Alipima upana wa viti kwa mkono.

"Ni hii?"

"Ni hii, Mama."

"Nilipanda hii? Kwa akili zangu?" Akamgeukia Deo. "Kituo cha mabasi kiko upande gani?"

Waliondoka kwa basi, yeye na Deo. Lakini kwanza alikataa kutoka uwanjani mpaka nimeruka. Alisimama kwenye uzio, mkono juu ya paji la uso, na mimi nikaondoka peke yangu kuelekea Arusha, kiti cha kulia kitupu, nikiwa sioni vizuri kwa sababu zangu.

Usiku akanipigia kutoka Kishanda. Hakuuliza kama nimefika salama. Hilo alilijua kwa Deo. Alisema alinifuata kwa macho nikawa mdogo kama njiwa, nikawa mdogo kama nzi, nikawa nukta. Watu wa pembeni wakamwambia bibi, ameshapotea, twende.

"Nikawaambia nyie ndio hamuoni," alisema. "Mimi bado namwona."